Binti Anapokwenda Fildi Pwani

Ifikapo Julai, milima ya Uluguru ikiwa bado na baridi yake, binti anayesoma Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine hufungasha kwenda mafunzo kwa vitendo, au "fildi" kama vijana wanavyosema. Wengi huenda mashambani. Lakini anayesomea ufugaji wa samaki na viumbe wengine wa majini huenda akapangiwa Bagamoyo. Baba anauliza nauli. Mjomba, ambaye kwa Waluguru ana sauti kubwa kwa kuwa ukoo hufuata upande wa mama, anauliza kama kuna ndugu huko. Wewe mama umenyamaza, maana unachowaza ni bahari.

Hofu hiyo si ya kuonea aibu. Mtoto aliyelelewa Matombo au Mgeta anaujua mto unaovukwa kwa kukanyaga mawe. Wengi wetu hatujui kuogelea, wala hatukuwafundisha binti zetu. Tena miezi hii ndiyo ya upepo wa kusi. Mv Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe tarehe 18 Julai 2012, ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja katika upepo mkali. Mwaka uliotangulia, usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, Mv Spice Islander iliyojaza abiria kupita kiasi ilizama kati ya Unguja na Pemba. Mama anayekumbuka habari hizo asiambiwe kwamba anajisumbua bure.

Hata hivyo, kumkataza asiende si kumlinda. Itazame kazi yenyewe. Kilimo cha mwani kwa biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, kikaenea hadi pwani ya bara, na Mlingotini karibu na Bagamoyo ni mojawapo ya sehemu zake. Wakulima wengi ni wanawake kama sisi. Hukita vijiti kwenye mchanga, hufunga kamba toka kijiti hadi kijiti, na kwenye kamba huning'iniza vipande vya mwani. Baada ya wiki sita hivi huvuna na kuanika. Kutoka humo hupatikana kitu cha kugandishia vyakula, hata dawa ya meno unayotumia asubuhi.

Kazi hufanyika maji yakipwa, hasa wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, ambapo bahari hurudi nyuma mbali sana. Hapo binti atajifunza jambo ambalo sisi wa milimani hatukuwa na haja nalo: kusoma saa ya maji. Maji hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na kila siku saa yake husogea mbele kwa dakika hamsini hivi. Akina mama wa pale wanaijua saa hiyo bila kutazama mkononi. Wakianza kurudi ufukweni, naye arudi.

Kwa maoni yangu, hatari kubwa haiko kazini, kwani huko kuna msimamizi. Iko Jumamosi. Vijana wakipata mapumziko, visiwa huwaita: Mbudya na Bongoyo kaskazini ya Dar es Salaam, vilivyotengwa kuwa hifadhi tangu 1975, Unguja, au Mafia, yenye hifadhi ya bahari iliyoanzishwa 1995, ambako kisiwa jirani cha Juani kina magofu ya mji wa Kua. Sioni sababu ya kumnyima mtoto mambo hayo. Matumbawe aliyoyachora daftarini atayaona kwa macho yake, yakiwa na samaki wake.

Ila uliza chombo. Boti inaruhusiwa kubeba watu wangapi, na kila mmoja ana jaketi la kuokolea? Kusi huelekea kuzidi mchana, basi waondoke asubuhi. Nahodha akisema leo haiwezekani, isiwezekane, hata kama wamekwisha lipa. Mwambie mapema kwamba nauli ikipotea, mama atairudisha. Wasichana wengine hupanda chombo kibovu kwa kuona haya mbele ya wenzao, na kwa kuhurumia fedha zao.

Fedha nayo tuiseme. Baadhi ya wanafunzi hupata ya mafunzo kupitia Bodi ya Mikopo, lakini mpe na akiba kidogo ya kwake, asije akategemea ukarimu wa mwanamume asiyemjua. Mfungie pia raba kuukuu za kamba (yeboyebo hubaki kwenye tope, na matumbawe hukata nyayo) pamoja na kanga mbili, kwani Bagamoyo ni mji wa Waislamu wengi na vazi la heshima humfungulia mgeni milango.

Kutoka Morogoro hana haja ya kuingia Dar es Salaam. Apite Chalinze, kisha Msata, ashike barabara ya Bagamoyo. Njiani atavuka daraja la mto Ruvu. Atazame chini: maji hayo yametoka kwetu Uluguru, nayo yanakwenda baharini.