Nyama ya Sikukuu: Mkulima, Tazama Kabla ya Kushika Kisu

Bwana Mkulima, nawe Mama wa nyumba, mwezi wa Desemba umefika. Huko Trans Nzoia na Uasin Gishu mahindi yamevunwa au yanamalizika kuvunwa, watoto wamefunga shule, na ndugu wa mjini wameleta habari kwamba wanakuja. Yafaa basi tuzungumze juu ya chakula mtakachowapa, na zaidi juu ya nyama.

Tuseme asubuhi ya tarehe 23 unakwenda zizini na kumkuta ng'ombe wako amekufa. Jana jioni alikamwa vizuri, wala hakuonekana mgonjwa. Sasa tumbo limefura, mwili haukukakamaa, na damu nyeusi isiyoganda inatoka puani. Wageni wako njiani. Jirani anakuambia, "Ndugu yangu, Mungu amekuletea nyama ya Krismasi. Tumchune upesi." Mwingine anasema nyama ikichemshwa sana haina neno. Usikubali! Huenda huo ni ugonjwa wa kimeta.

Kimeta huua ng'ombe, mbuzi na kondoo kwa ghafula, na watu pia hukipata. Mzoga ukiachwa bila kupasuliwa, vijidudu vingi vilivyo ndani hufa wakati unapooza. Lakini ukipasuliwa, vijidudu hupata hewa na kujifanyia ganda gumu, na katika ganda hilo huweza kukaa udongoni miaka mingi sana. Kuchemsha nyama katika sufuria ya nyumbani si kinga ya kutegemea. Tena mara nyingi anayeumia si mlaji bali mchunaji, kwa kuwa vijidudu huingia katika mkato mdogo wa mkono. Siku chache baadaye hutoka kipele, kinafura, na katikati kinakuwa cheusi kama mkaa. Hakiumi sana, ndiyo maana watu hukidharau. Mtu wa namna hiyo aende hospitali siku hiyo hiyo, na aseme wazi kwamba alichuna mzoga. Asione haya. Dawa ziko, nazo zikiwahi huponya. Vivyo hivyo aliyekula nyama hiyo akashikwa na tumbo, homa au kutapika, asingoje sikukuu ipite.

Kwa hiyo usipasue, usichune, usiuze ngozi. Zuia mbwa na watoto wasikaribie, kisha umpelekee habari Afisa wa Mifugo. Sheria yataka hivyo, naye ataonyesha jinsi ya kuchoma mzoga au kuuzika katika shimo refu pamoja na chokaa. Mwulize pia habari za kuwachanja ng'ombe waliobaki. Chanjo ya kimeta hurudiwa kila mwaka. Twajua ni uchungu kumpoteza ng'ombe wa maziwa ambaye mkopo wake haujaisha, na kufukia nyama yote ile huku watoto wakitazama. Hata hivyo, nunua kuku wawili.

Mnyama mzima naye ana maswali yake. Je, alidungwa sindano lini? Dawa nyingi hubaki katika nyama na maziwa kwa siku kadhaa, na siku hizo zimeandikwa kwenye chupa. Kama huwezi kuzisoma, mwulize aliyemdunga. Mkaguzi wa nyama aitwe mapema, si wakati mguu mmoja umekwisha liwa. Akikuta mifuko ya maji katika maini au mapafu, sehemu hizo zichomwe au zifukiwe chini sana. Usiwatupie mbwa, kwani minyoo itakayokua tumboni mwao hutaga mayai ambayo mwishowe huwaingia watoto wanaocheza nao.

Wajukuu wa mjini hupenda maziwa ya moto kutoka kwa ng'ombe. Yachemshwe kwanza, kwa sababu ya ugonjwa wa brusela, ule ule unaofanya ng'ombe kutupa mimba. Na vyombo vikipungua, usichote maji ya wageni kwa mtungi uliokuwa na dawa ya kupe au ya magugu, hata ukiuosha mara kumi. Utoboe leo.

Habari ya mahindi tumeisema mara nyingi, lakini ni afadhali kurudia. Mwaka wa 2004, katika wilaya za Makueni, Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa sumu ya ukungu uliomea katika mahindi yaliyowekwa na unyevu. Mahindi yaliyooza usiyapike, wala usiyafanye pombe.

Mwisho, wale mnaokaa nchi ya baridi na kwenda kuwaona wazee karibu na Ziwa au Pwani, chukueni vyandarua. Mtu aliyekulia mahali pasipo na mbu wengi hana nguvu ya kupigana na malaria. Homa huweza kuanza siku kumi au zaidi baada ya kurudi, wakati safari imekwisha sahauliwa. Ukienda dispensari, mwambie mganga ulikolala, apime damu; na dawa ya siku tatu imezwe siku zote tatu, hata kama siku ya pili umepata nguvu za kukamua.