Soma Hapo Hapo

Mijadala ya dini nchini Tanzania ina watu wake, na watu hao wanajuana. Ukitangazwa mhadhara Mugumu, Tarime au Musoma, wale wale watafika mapema kuwahi nafasi karibu na meza. Yupo mzee wa Kisabato ambaye Biblia yake imejaa vipande vya karatasi. Yupo kijana wa Kiislamu anayetaja sura na mstari wa Agano Jipya bila kufungua. Yupo mama wa Kipentekoste anayenakili kila rejea kwenye daftari la shule. Walio mbali nao huwaita watu wa ubishi na kuwaonea huruma, kana kwamba wamekosa kazi. Mimi nimekaa nao vya kutosha kuona kwamba hii ni jamii kamili, yenye adabu zake, misemo yake na kumbukumbu zake. Kinachowarudisha pale kila mara ni heshima: mtu anayekubishia kwa kitabu amekubali kwamba una akili, na kwamba imani yako inastahili kujibiwa.

Hilo huonekana wazi zaidi katika kijiji kama Robanda kuliko mjini. Robanda ni kijiji cha Waikoma wilayani Serengeti, jirani na lango la Fort Ikoma la hifadhi ya taifa. Ni kimoja kati ya vijiji 5 vya Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Ikona. Vingine ni Nata Mbiso, Makundusi, Nyichoka na Park Nyigoti. Kambi za watalii zimeleta watu wa kila kabila: madereva, wapishi, askari wa wanyamapori, wauza duka. Kila aliyekuja amekuja na dini yake, akawakuta wenyeji nao wana zao. Mjini ukimshinda mtu kwa maneno unapanda daladala na humwoni tena. Kijijini kesho mtakutana kwenye maji, keshokutwa msibani, na ng'ombe wake akipotea utaitwa kusaidia kufuata nyayo. Kwa hiyo mwanakijiji anayeingia kwenye hoja ya dini huyapima maneno yake mapema, kwa sababu anajua ataishi nayo.

Mbele ya duka, mazungumzo haya huanza bila kutangazwa. Ni Ijumaa jioni. Mzee wa Kisabato amekuja kuchukua sukari mapema, kwa kuwa jua likizama Sabato imeingia na hatanunua kitu tena. Mwenye duka ni Mwislamu.

"Mzee wangu, mbona haraka hivyo? Leo ni siku yetu, kaa tuzungumze."

"Ustadhi, siku yenu naiheshimu, lakini ya Bwana ndiyo hiyo inaingia. Kutoka 20 hujaisoma?"

"Nimeisoma, baba. Ila hata wa Jumapili wanayo Kutoka 20 hiyo hiyo. Malizaneni nao kwanza, halafu mje kwangu."

Hapo mwalimu wa shule, Mkatoliki, aliyekuwa akisubiri vocha, anaweka mkoba chini. Ameguswa. Anataka Matendo ya Mitume 20, mstari wa 7, isomwe mbele ya wote. Kijana anatumwa nyumbani kuleta Biblia. Mpaka Biblia ifike, hakuna anayeendelea na hoja. Watu wanaulizana habari za mvua, na mwenye duka anapima sukari ya mzee ili Sabato isimkute njiani.

Kule kusubiri kitabu kifike ndiko msingi wa mila yote. Katika mhadhara mkubwa mila hiyo imepewa umbo kamili. Kuna meza, kuna mwenyekiti mwenye saa, kuna kipaza sauti, na pembeni ya mhadhiri anasimama msomaji. Mhadhiri hasomi mwenyewe. Anataja kitabu, sura na mstari, anasema "Soma!", na msomaji anasoma kwa sauti kutoka katika kitabu cha upande wa pili. Walioko chini nao wamefungua nakala zao wakifuata kwa kidole. Msomaji akikatisha mstari pale panapomfaa mhadhiri wake, utasikia sauti kutoka nyuma: "Endelea! Soma na unaofuata!" Na lazima aendelee. Sijaona katika siasa zetu mkutano ambao msikilizaji wa mwisho kabisa, aliyesimama juani, ana mamlaka ya kumlazimisha mzungumzaji amalizie alichokianza.

Matokeo yake ni ujuzi ambao haufundishwi darasani. Waislamu wengi wa mihadhara wanajua Kumbukumbu la Torati 18:18 na Yohana 14:16 kuliko waumini wengi wanaokaa kanisani kila wiki. Wakristo waliokomaa katika kazi hii wanajua Surat Maryam, na wanajua Aal Imran aya ya 45 inamwita Isa nani. Ili umjibu mwenzako inabidi uketi usiku na kitabu chake, ukisome kwa makini. Wapo walioanza kukisoma kwa kutafuta makosa, wakaishia kukiheshimu.

Historia ya mihadhara hii ni ndefu kuliko vipaza sauti. Mwaka 1854, katika mji wa Agra nchini India, mwanachuoni Rahmatullah Kairanawi alijadiliana hadharani na mmisionari Mjerumani Karl Pfander. Kairanawi baadaye aliandika kitabu chake Izhar ul-Haqq. Miaka mingi baadaye, kijana mmoja wa Kihindi aliyekuwa muuza duka huko Natal, Afrika Kusini, alikuwa akisumbuliwa na wanafunzi wa misheni ya jirani. Walikuwa wakija dukani na kumuuliza maswali juu ya dini yake asiyoweza kuyajibu. Akakiona kitabu hicho, akakisoma, akanunua na Biblia. Kijana huyo ni Ahmed Deedat. Mihadhara na vijitabu vyake viliwasha moto Afrika Mashariki katika miaka ya 1980. Tanzania ukaundwa Umoja wa Wahubiri wa Kiislamu wa Mlingano wa Dini, na mwaka 1987 Musa Fundi Ngariba na Mohammed Ali Kawemba wakatoa kitabu chao Uislamu katika Biblia. Kaseti za mihadhara zikasafiri kwa mabasi mpaka miji midogo ya kanda ya ziwa. Wakristo nao wakatoa wahadhiri wao, wakajibu kwa staili ile ile ya meza, msomaji na saa.

Hata tafsiri za Kurani za Kiswahili ni matunda ya mabishano. Ya kwanza kamili, ya mwaka 1923, ilitolewa na mmisionari wa Kianglikana, Godfrey Dale, na maelezo yake yalilenga kuwasaidia wahubiri wa Kikristo. Waahmadiya wakatoa yao mwaka 1953. Sheikh Abdullah Saleh Farsy akakamilisha yake mwaka 1969, na ndani yake anawajibu waliomtangulia, Wakristo na Waahmadiya pia. Msomaji wa Kiswahili amepata vitabu vitatu kwa sababu watu walikataa kunyamaza. Nadhani hii ndiyo faida kubwa kuliko zote, na haizungumzwi vya kutosha.

Ukiwauliza wenyewe wanathamini nini, hawataji historia hii. Watakuambia wanapenda kupata nafasi. Mkulima ambaye hajawahi kuulizwa maoni yake na mtu yeyote mwenye cheo anaweza kunyoosha mkono kipindi cha maswali, akapewa kipaza sauti, na mtu mwenye elimu ya chuo cha dini akalazimika kumjibu yeye kwa jina la heshima, "ndugu muulizaji". Watakuambia pia wanapenda mpinzani mzuri. Mhadhiri dhaifu hapendwi hata na upande unaomshinda. Watu huondoka mapema wakinung'unika kwamba wamepotezewa jioni. Na watakuambia habari za urafiki, jambo ambalo mtu wa nje huwa haamini. Nimeona wapinzani wa miaka mingi wakipigiana simu kujuliana hali kabla ya mwandalizi yeyote kuwaita. Mmoja akiugua, mwenzake ndiye wa kwanza kufika na matunda, maana nani mwingine amemsikiliza kwa umakini hivyo?

Mila hii imewahi kuvunjika, na ilipovunjika damu ilimwagika. Tarehe 13 Februari 1998, baada ya malalamiko kwamba mihadhara ilikuwa ikiukashifu Ukristo na baada ya watu kukamatwa, ghasia zilizuka Mwembechai, Dar es Salaam. Polisi walifyatua risasi na watu wakapoteza maisha. Tangu hapo kila mwandalizi wa mhadhara anajua maana ya neno kashfa. Kanuni ya Adhabu inakataza kutukana dini na kusema maneno kwa nia ya kuumiza hisia za dini, na Ibara ya 19 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa imani na wa kueneza dini yake. Mhadhiri mwema hutembea katikati ya hayo mawili. Wabaya wapo: wanaoigiza lafudhi ya mpinzani, wanaomtaja mama wa mtu, wanaokata kipande cha sekunde kumi na kukisambaza kwenye simu kikiwa na maandishi kwamba fulani ameaibishwa. Kipande hicho hakina msomaji, hakina mstari unaofuata, na aliyetajwa hayupo kujibu. Huo ni uchokozi, na watu wa mihadhara wa kweli wanauchukia kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu ndio unaowafungia viwanja.

Mkoa wa Mara una mfano wake wa namna bora. Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama na Mkatoliki wa kusali kila siku, alizitia Injili katika tenzi za Kiswahili, na tenzi hizo zikachapishwa Ndanda mwaka 1996. Utenzi ni umbo lililokuzwa na washairi Waislamu wa pwani kwa kusimulia habari za Mtume na vita vya dini. Alichukua chombo cha upande mwingine kwa heshima, akakitumia vizuri, wala hakumtukana mtu.

Lakini kuna watu ambao mila ya "Soma!" imewaacha nje, na Robanda ndipo mahali pa kuwaona. Waikoma wana Machaba, pembe za ndovu wanazoziheshimu kama amana ya kabila zima; wazee wanasimulia kwamba wahenga wao walizipata kwa maelekezo ya mtabiri wa Wataturu. Wanasimulia pia kwamba asili yao ni Sonjo, ng'ambo ya mbuga. Na Wasonjo wana habari za Khambageu, aliyeponya wagonjwa, akafa, na kaburi lake lilipofunguliwa hakukutwa mwili. Robert Gray alizinakili habari hizo katika kitabu chake juu ya Wasonjo mwaka 1963. Kwa watu wanaobishana kila wiki kama Isa alisulubiwa na kufufuka au la, hayo si masimulizi ya kupita nayo haraka. Lakini mzee wa Machaba akikaribia meza ya mhadhara hana kitabu cha kumpa msomaji. Anaambiwa mambo yake ni ya mila tu, na pande mbili zinazopingana kwa kila jambo zinakubaliana ghafla katika hilo moja.

Naona hapo tunajinyima. Wazee hao walikuwa na adabu ya baraza kabla ya kipaza sauti kufika: mkubwa husikilizwa mpaka mwisho, mdogo hupewa zamu yake, na neno la uongo hukanushwa palepale na wa rika la msemaji waliokuwepo. Shahidi aliye hai ni rejea nzito. Historia za makabila ya Mara zilizosimuliwa na wazee na kuandikwa na wenyeji wenyewe zimechapwa tangu mwaka 2003, katika mkusanyo uliohaririwa na Jan Bender Shetler, kwa hiyo hata anayedai ukurasa anaweza kuanzia hapo.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wanaoandaa mihadhara Serengeti na Tarime, masheikh na wachungaji. Mkiweka tena meza Mugumu, wekeni kiti cha tatu. Mpeni mzee wa Kiikoma dakika zile zile mnazopeana ninyi, mwenyekiti ashike saa, na akimaliza mjibuni kwa hoja kama mnavyojibizana wenyewe.