Mwanga Kwanza, Buda: Form ya Kamera Chini ya Maji

Kaskazi imeingia. Maji ya Coasto imetulia, unaona mbali, na kila msee kwa taimlaini anapost kasa. Cheki hizo posti poa poa. Kasa wa kijani. Samaki wa kijani. Dem wa kijani, meno ya kijani, na bikini yenye ilikuwa nyekundu juu ya boti sahii ni kahawia. Alafu chini ameandika "paradiso". Paradiso wapi, maze? Hiyo ni supu ya mrenda.

Na usiseme ni ju simu yake ni ya bei ya chini. Hapana. Msee anaweza kuwa na mashine ya laki saba na bado atoe mrenda. Shida ni maji yenyewe. Maji inamanga rangi, na inaanza na nyekundu. Ukifika mita tano, nyekundu imeenda karibu yote. Karibu mita kumi, chungwa nayo inapotea. Njano inajikaza kidogo, alafu unabaki na bluu na kijani tu. Hutaki kuniamini? Beba leso nyekundu ushuke nayo MV Dania, ile meli ilizamishwa makusudi hapo nje ya Nyali 2002 ndio samaki wapate keja. Kwa mita thelathini leso inakaa karibu nyeusi. Washa taa karibu nayo. Bam! Nyekundu imerudi, ile ile ulitoka nayo soko. Haikuwa imeenda mahali, ilikuwa imekosa mwanga tu.

Sasa shika hesabu hii, ju ndio imebeba kila kitu. Mwanga wa jua unashuka kutoka juu hadi kwa samaki, alafu unatoka kwa samaki unakuja kwa lenzi yako. Yote ni maji. Kama uko mita tano chini na samaki yuko mita tatu mbele, hiyo ni mita nane ya maji inakulia rangi. So dawa ni mbili: karibia, na ujiletee mwanga. Kamera inakuja namba tatu. Nimesema.

Hapa ndio anko wa megapikseli huingilia. Kila familia iko na huyo anko. Ako na Facebook, ako na koti la ngozi, na akiona kamera yoyote swali ni moja: "Hiyo ni megapikseli ngapi?" Yeye alipigwa picha studio, amesimama wima mikono kwa mapaja mbele ya pazia la maporomoko, na hadi wa leo anadhani hiyo ndio picha. Atakushow ununue ile kubwa, uanze na harusi, bahari iko na majini. Wacha abonge, umwekee chai. Megapikseli sitini bila mwanga inakupa vitone milioni sitini vya kijani.

Tuanze na simu, ju ndio uko nayo. Zile paochi za plastiki za soo tatu unauziwa ufuoni ni za pool, tena upande wa watoto. Kwa chumvi zinaingiza maji. Na usinitajie IP68. Apple wanasema iPhone zao nyingi za sahii zinavumilia mita sita kwa dakika thelathini, lakini hiyo ni ya maabara, maji imetulia, na maji ikiingia waranti haikujui. Bahari ni mawimbi, chumvi na mchanga. Simu yenyewe bado unailipa mdogo mdogo, alafu unaipeleka kuoga Diani? Kama simu yako iko na kamera noma, itafutie hauzingi ya ukweli, lile kasha haliingizi maji. SportDiver ya SeaLife inashuka mita arobaini na inatumia vitufe. SeaTouch ya DiveVolk inakuachilia uguse skrini chini ya maji, kitu simu yenyewe haiwezi. Hiyo ni form safi kabisa, na msee akikuchekea muulize yake iko wapi.

Alafu kuna vile vidude vidogo vya wasee wa surf. GoPro nyingi bila hauzingi ni mita kumi. Osmo Action 5 Pro ya DJI ni mita ishirini. Kadi yako ya kudaivu ya Open Water inakuruhusu mita kumi na nane. Umeona mtego? Msee anamfuata instrakta hadi kumi na nne, GoPro iko uchi mkononi, na huko chini maji inakamua kila kitu, ju kila mita kumi inaongeza presha ya anga nzima moja. Hauzingi ya GoPro inashuka mita sitini na inakaa mfukoni. Ibebe! Na ujue lenzi yake ni pana na fokasi imesimama mahali pamoja, so ukisonga karibu sana inaleta ukungu. Hiyo ni ya kasa, ya boti kwa chini, ya mbogi ikiruka majini. Si ya vidudu.

Ya vidudu ni kamera ndogo inaitwa TG-7. Hii ndio sonko wa mtaa, na sirudi nyuma. Ilitoka 2023, inaingia mita kumi na tano bila nguo yoyote, na ina modi ya hadubini inapiga fokasi sentimita moja kutoka kwa lenzi. Sentimita moja! Pale Watamu kuna wale konokono wa bahari hawana gamba, rangi za nganya mpya, urefu wa kucha. Ukiwa na TG-7 unaona hadi pembe zake zikitingika. Marekani ilianza kama dola 550, kabla ushuru wetu haujaamka. Si bei ya kuchekelea, lakini inabeba kazi ya lenzi za bei mbaya.

Sasa twende kwa masonko. Fulfreemu, zile kamera za sensa kubwa. Hapa ganji inachomeka. Kamera yenyewe ndio bei rahisi, skia tena, rahisi. Hauzingi ya alumini ya Nauticam inavuka dola 3,000. Na dola ikiwa karibu 130, hiyo ni kama laki nne ya nguo ya kamera, na bado hujanunua domu, kile kioo cha duara mbele ya lenzi, hujanunua taa. Ikelite wanatengeneza za plastiki ngumu, zinapunguza maumivu. Lakini cheki kitu inafichwa: hauzingi inatengenezwa kufuata umbo la modeli moja. Ukiapgredi kamera mwaka ujao, hauzingi inabaki kuwa sanduku la kuwekea vitunguu. Ndio maana wajanja hununua ex-UK: bodi ya kitambo kidogo na hauzingi yake pamoja, kwa msee anayeapgredi. Bodi ya miaka sita iliyopita bado inapiga fiti. Anko atauliza megapikseli. Mwambie ishirini na nne, azime data.

Lenzi, wengi huchoma hapa. Wanaingia na ile lenzi ilikuja na kamera, samaki ako mbali, wanazumu. Zumu ni kubaki mbali, mbali ni maji zaidi, na maji zaidi ni mrenda zaidi, plus samaki ameshachoka na wewe amegeuka. Umepata mkia. Galari nzima ni mikia. Kioo bapa cha hauzingi kinakuza kila kitu kwa kama theluthi na kinakunyang'anya upana. Domu inakurudishia. So chagua upande. Upande wa upana: fishai au lenzi pana nyuma ya domu, unaingia hadi karibu mguse pua, kasa anajaa freemu na matumbawe yanaonekana nyuma. Upande wa vidudu: makro ya milimita 60 au 100, kioo bapa, pumzi taratibu. Katikati ndio hukaa mikia.

Na zile picha nusu maji nusu hewa zenye zinawaka sana sahii, jahazi juu matumbawe chini? Hizo zinataka domu kubwa, ju domu ndogo mstari wa maji unakula freemu nzima. Kisite, pale mbele ya Wasini, maji yakiwa glasi, utafunga mtaa na hiyo picha moja.

Haya, mwanga. Hapa ndio uweke ganji, buda.

Kuna taa za video na kuna strobu. Strobu ni flashi: inapiga mara moja, kali, inagandisha samaki akiwa mbioni. Kama wewe ni wa picha tu, strobu. Kama wewe ni wa Reels, taa ya video inayowaka muda wote. Usinunue ile tochi ya kudaivu usiku ukasema umemaliza. Hiyo ni mulika mwizi, inachoma duara nyeupe katikati ya samaki na pembeni giza. Unataka mwanga mpana, digrii mia na kitu, laini hadi pembeni. Lumeni elfu moja ni ya makro. Video ya upana mchana, anza elfu tano, na ziwe mbili. Na usijidanganye, ukienda mbali mara mbili, mwanga unabaki robo, alafu maji inajikatia yake. Mwisho wa kazi ni kama mita moja na nusu. Nje ya hapo unamulikia plankton.

Plankton ndio wale wanaharibu kila kitu. Weka taa juu ya kamera, elekeza mbele, na kila chembe ya mchanga kati yako na samaki inawaka. Picha inajaa madoadoa, samaki anaonekana amemwagiwa unga. Dawa ni mikono mirefu ya kushikia taa. Taa moja kushoto, moja kulia, mbali na kamera, nyuma kidogo ya kioo, alafu uzigeuze nje kiasi. Samaki ashikwe na ukingo wa mwanga tu. Maji katikati inabaki giza, chembe hazionekani. Kuzipanga hivyo ni bure, na inatofautisha msee anajua na msee amenunua.

Huna doo ya taa? Kuna jua. Baki mita mbili hadi tano, jua likiwa mgongoni, seti waiti balansi kwa mchanga mweupe pale pale ulipo, rudia kila ukishuka. Ukishuka zaidi kidogo, filta nyekundu inasaidia kuanzia kama mita tano, kwa maji ya bluu. Lakini filta na taa usiwashe pamoja, utatoa kasa wa waridi.

O-ringi sasa. Ule mpira mweusi mwembamba wa hauzingi ndio umesimama kati ya laki zako na Bahari Hindi. Fanyia kazi hii usiku, kejani, feni imezimwa, si kwa boti ukitingishwa. Itoe kwa kidole au ukingo wa kadi, kamwe usitumie pini. Ipitishe kati ya vidole viwili ukiskia: chembe moja ya mchanga utaiskia. Angalia mfereji wake na tochi, tafuta unywele. Unywele mmoja unatosha. Grisi kidogo, ing'ae tu, isiwe mafuta ya chipo. Funga, iweke kwa ndoo ya maji kabla ya kamera kuingia, cheki kama kuna povu.

Na kuelea ujue kabla ya kubeba chochote. Msee akisimama juu ya matumbawe ndio apige selfi amevunja kitu kilikua miaka mingi, na hiyo ni ushamba hata ukiwa na Nauticam. Kasa usimfukuze. Tulia mbele yake, atakuja mwenyewe. Papa potwe, zima flashi.

Chagua maji mafu, si bamvua, na karibu na mdomo wa Mida Creek, kule Watamu, subiri maji yanajaa, ndio yanaleta usafi kutoka nje. Muulize nahodha. Nahodha si mzee, nahodha ni wa mbogi.

Alafu fanya hivi: mkuwe wanne, mchange, mnunue taa mbili na mikono yake, kila msee wikendi yake. Kamera kila mtu ajipange. Atakayerudisha taa bila kuzisuuza na maji baridi ya mfereji anabuyia wote pweza wa nazi, na chapo mbili mbili juu.