Norwei na Uswidi: Nani anaishi vizuri zaidi?

KILA mwisho wa wiki magari mengi yenye namba za Norwei huvuka daraja la Svinesund kuingia Uswidi. Waliomo ni watu wa nchi tajiri, wenye mishahara mikubwa, lakini wanakwenda kwa jirani kutafuta nyama, jibini, sigara na pombe kwa bei nafuu. Wenyewe wameipa safari hiyo jina la utani, "harrytur", yaani safari ya kishamba. Pamoja na dhihaka hiyo, foleni haziishi.

Kama Norwei ni tajiri kuliko Uswidi, kwa nini wananchi wake wanafuata chakula ng'ambo ya mpaka? Jibu linaonyesha kuwa ubora wa maisha haupimwi kwa mshahara pekee, na kwamba mkulima na mlaji hawaoni jambo hilo kwa jicho moja.

Nchi hizi zilikuwa chini ya mfalme mmoja kuanzia mwaka 1814 hadi 1905, na hadi leo watu wake wanaelewana bila mkalimani. Zote mbili hugharamia matibabu na elimu kwa fedha za kodi. Nchini Uswidi wazazi hugawana siku 480 za likizo ya uzazi yenye malipo kwa kila mtoto. Norwei likizo hiyo inakaribia mwaka mzima. Katika huduma za jamii, basi, tofauti ni ndogo.

Mafuta na kura

Tofauti kubwa ililetwa na mafuta. Mwaka 1969 Norwei iligundua kisima cha Ekofisk katika Bahari ya Kaskazini. Badala ya kutumia mapato yote, serikali ilianzisha mfuko wa akiba ambao mwaka 2017 ulivuka Dola trilioni moja za Marekani. Mishahara ilipanda, na vijana wengi wa Uswidi wakaenda Oslo kufanya kazi za hoteli, maduka na ujenzi. Katika ripoti za Umoja wa Mataifa za maendeleo ya binadamu, Norwei ilishika nafasi ya kwanza mfululizo tangu 2001 hadi 2006.

Novemba 1994 kila nchi ilipiga kura kuhusu kujiunga na Umoja wa Ulaya. Uswidi ilikubali kwa asilimia 52. Wiki mbili baadaye Norwei ilikataa, nayo kwa asilimia 52, wakulima na wavuvi wakiwa mstari wa mbele kupinga. Kwa kura hizo mbili, njia za mashamba yao zikaachana.

Norwei inawalinda wakulima wake kwa ushuru. Mwaka 2013 jibini gumu kutoka nje liliwekewa ushuru wa asilimia 277. Aidha, kila mwaka vyama vya wakulima huketi na serikali kujadili bei na ruzuku, utaratibu uliotokana na mkataba wa mwaka 1950. Mazungumzo yakivunjika, kama mwaka 2012 na 2021, wakulima huandamana. Ulinzi huo umewezesha mashamba madogo kuendelea kuwepo hata kwenye mabonde ya milimani: mfugaji wa kawaida ana ng'ombe wa maziwa takriban 30, wakati mwenzake wa Uswidi ana karibu 100.

Gharama ya ulinzi huo inaangukia kwa mlaji. Mwishoni mwa mwaka 2011 siagi iliadimika Norwei. Mvua nyingi zilikuwa zimeharibu malisho, na wakati huo huo watu wengi walikuwa wakifuata mlo wenye mafuta mengi. Kwa kuwa ushuru ulizuia siagi ya nje, maduka yalibaki matupu kuelekea Krismasi na watu wakakamatwa wakiingiza siagi kwa magendo. Serikali ililazimika kushusha ushuru kwa muda.

Mlaji wa Uswidi hakupata shida hiyo, kwani bidhaa za Denmark, Ujerumani na Poland huingia bila ushuru. Lakini mfugaji wake hushindana na nchi hizo zote. Anapata ruzuku ya Umoja wa Ulaya, ila bei ya maziwa ikianguka, hana ukuta wa kumkinga. Wafugaji wadogo wengi waliacha kazi, na waliobaki walilazimika kupanua mifugo yao.

Somo la mpakani

Mfanyabiashara wa Namanga au Tunduma ataelewa haraka kilichotokea Machi 2020, Norwei ilipofunga mpaka wake kwa sababu ya ugonjwa wa Uviko-19. Maduka makubwa ya Strömstad, upande wa Uswidi, yalikosa wateja mara moja. Maduka ya Norwei, kwa upande wake, yaliongeza mauzo. Biashara iliyojengwa juu ya tofauti ya bei kati ya nchi mbili hutegemea uamuzi wa serikali ya jirani.

Nani, basi, anaishi vizuri zaidi? Mwenye mshahara atachagua Norwei, hasa akiishi karibu na mpaka. Mwenye kikapu cha sokoni atachagua Uswidi. Mfugaji mwenye ng'ombe 20 atachagua Norwei bila kusita, mradi majirani zake mjini waendelee kukubali kulipa bei yake.