Usukani wa Land Rover Kuukuu

  Kila mmoja awe na daftari na kalamu. Mwalimu wa darasa naye ashike chaki, maana leo iko picha ya kuchora ubaoni.

Somo letu ni habari za usukani wa gari kuukuu, hasa Land Rover zile za zamani zenye springi za vyuma vilivyopangwa tabaka tabaka. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa kwa watu mwaka 1948 katika maonyesho ya magari mjini Amsterdam, Uholanzi. Aina hizo za zamani, zinazoitwa Series, ziliendelea kutengenezwa mpaka mwaka 1985. Kwa hiyo hata iliyo changa kabisa kati yake imekwisha kufikia miaka arobaini. Ni mtu mzima kama sisi, na viungo vyake vimechoka. Walakini ikitunzwa itafanya kazi bado.

Usukani una kazi mbili. Kazi ya kwanza kila mtu aijua: kugeuza magurudumu. Kazi ya pili watu huisahau: kuipa mikono ya dereva habari za njia. Fikirini jembe. Mpini ukikaa imara, mkono wako hujua mara moja kama umepiga udongo au jiwe. Mpini ukilegea, unapiga huku na jembe linakwenda kule, wala mkono haujui lililo chini. Usukani uliolegea ni vivyo hivyo. Dereva hajui magurudumu yanaelekea wapi mpaka gari lenyewe limekwisha kwenda.

Sasa sikilizeni jambo lililonipata mimi. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikisafiri kukagua madarasa katika gari la namna hii. Usukani wake ulikuwa ukicheza, yaani dereva aliuzungusha kidogo kushoto na kulia na gari halikugeuka. Tukalipeleka gereji moja. Fundi akakaza skrubu ya sanduku la usukani mpaka mchezo ukaisha. Tukalipa, tukashukuru, tukaondoka. Katika kona ya kwanza ya mteremko dereva alikata kushoto, na gari likageuka vizuri. Alipoulegeza usukani ili urudi wenyewe, haukurudi. Aliurudisha kwa nguvu za mikono miwili, na gari likasimama hatua moja tu kutoka korongoni. Ndani tulikuwa watu sita, na mmoja alikuwa mama mwenye mtoto mgongoni.

Kosa lilikuwa nini? Fundi yule alitibu mahali pasipo ugonjwa. Sanduku lilikuwa zima. Viungo viwili vya fimbo ndivyo vilivyokuwa vimelika.

Mwalimu, tafadhali chora ubaoni. Usukani umeshikwa na mti mrefu wa chuma unaoingia katika sanduku la usukani. Sanduku linasukuma fimbo ya kwanza. Fimbo hiyo inasukuma kiungo cha kati, kilichosimama ndani ya chuma cha mbele cha fremu. Kiungo cha kati kinasukuma fimbo ya pili mpaka kwenye gurudumu. Fimbo ya tatu, ambayo mafundi huiita tairodi, inaunganisha gurudumu hilo na mwenzake wa upande wa pili.

Fimbo ni tatu, na kila fimbo ina boljointi mbili, moja kila ncha. Andikeni hesabu hii: 3 x 2 = 6. Tuseme kila boljointi imelegea nusu milimita tu. Sita kwa nusu ni milimita tatu. Hakuna hata moja iliyo mbovu sana, lakini zote pamoja zinaharibu usukani. Tena mchezo huo utaonekana mkubwa zaidi mikononi mwa dereva, maana usukani huzunguka sana ili gurudumu ligeuke kidogo. Haba na haba hujaza kibaba, hata katika uharibifu.

Basi, mkitaka kuutengeneza usukani, fuateni utaratibu huu wala msiruke hatua.

Hatua ya kwanza ni matairi, kwa kuwa kuyakagua hakuna gharama. Pimeni upepo kama kitabu cha gari kinavyosema. Upepo ukipungua usukani huwa mzito, na gari huyumba. Matairi mapana kupita kiasi huufanya mzito pia. Tena msichanganye matairi ya aina mbili katika ekseli moja.

Hatua ya pili ni boljointi. Gari likae chini juu ya magurudumu yake, na injini izimwe. Mtu mmoja auzungushe usukani kidogo kidogo kushoto na kulia. Mwingine aweke kiganja juu ya kila boljointi kwa zamu. Iliyolegea ataisikia ikigonga mkononi. Angalieni pia mpira wake. Ukipasuka, vumbi huingia na kusaga chuma. Boljointi iliyolika hubadilishwa, haikazwi. Papo hapo kazeni nati zinazofunga sanduku la usukani na zile zinazofunga springi.

Hatua ya tatu ni kiungo cha kati. Hiki husahauliwa sana kwa sababu kimejificha. Kinahitaji oili ndani yake. Kikikauka, usukani huwa mzito na haurudi wenyewe baada ya kona. Kutia oili ni kazi ndogo. Lakini msikifungue! Ndani yake mna springi iliyobanwa kwa nguvu nyingi, na ikifyatuka inaweza kumuumiza mtu vibaya. Kazi hiyo mwachieni fundi anayeijua.

Hatua ya nne ni magurudumu. Inueni gurudumu moja la mbele kwa jeki, kisha tegemezeni gari kwa kigogo imara. Msiingie kamwe chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Shikeni gurudumu juu na chini, mlitikise. Likicheza, mtu mwingine akanyage breki. Mchezo ukiisha, beringi za gurudumu ndizo zilizolegea. Mchezo ukibaki, ugonjwa uko katika pini za lile tufe kubwa la chuma lililo nyuma ya gurudumu. Pini hizo hubanwa kwa vibati vyembamba viitwavyo shimu. Zikilegea, magurudumu huweza kuanza kutetemeka kwa ghafula, na dereva akashindwa kuushika usukani. Wengine hufunga shokabzoba ya usukani ili kuzuia mtetemeko huo. Kifaa hicho kinauficha ugonjwa, hakiuponyi.

Hatua ya tano ni kupima jinsi magurudumu ya mbele yanavyotazama. Katika Land Rover hizi yapasa yaingie ndani kidogo upande wa mbele, kama nyayo za mtu anayetembea vidole vikielekeana. Tofauti ya mbele na nyuma iwe kati ya milimita 1.2 na 2.4. Hurekebishwa kwa kuzungusha tairodi.

Hatua ya sita, ya mwisho kabisa, ni sanduku la usukani. Kwanza tazameni kama lina oili. Kisha magurudumu yaelekee mbele sawasawa, kwa maana katikati ndipo meno yake hulika zaidi. Legezeni nati, kazeni skrubu kidogo sana, kisha zungusheni usukani toka mwisho mpaka mwisho. Ukikwama mahali popote, skrubu imezidi, rudisheni nyuma. Afadhali kubaki na mchezo kidogo kuliko usukani unaokataa kurudi.

Mkimaliza, liendesheni gari polepole mahali pa wazi, mkate kona, mlegeze mikono kidogo. Usukani ukirudi wenyewe, mmefanya vema.

Labda mmoja wenu atauliza, "Mimi sina gari, somo hili lanihusu nini?" Linakuhusu, ndugu. Wewe ni abiria. Mwanao hupanda gari hilo kwenda zahanati. Mtu ajuaye kuuliza, "Dereva, mbona usukani unacheza?" aweza kuokoa roho za watu kabla safari haijaanza.

Maswali ya darasa:

1. Usukani una kazi gani mbili?
2. Boljointi ni ngapi, na kwa nini?
3. Kwa nini sanduku la usukani hushughulikiwa mwisho?
4. Gurudumu linacheza, na ukikanyaga breki mchezo unaisha. Ugonjwa uko wapi?

Maneno ya kuandika mara tatu: usukani, boljointi, tairodi, beringi, korongo.

Kwaherini mpaka somo lijalo.