Si kila weupe kinywani ni Ukimwi

Hebu simama mbele ya kioo, ufungue kinywa na uvute shavu kando kwa kidole. Je, waona mistari myeupe iliyosukana mithili ya kimia? Na ukiisugua kwa kitambaa safi, haifutiki?

Wengi wakiona hivyo hushikwa na hofu. Mmoja hudhani ameambukizwa Ukimwi. Mwingine hutengewa kikombe chake na jamaa wa nyumbani. Kumbe huenda ni maradhi yaitwayo laikeni planasi, ambayo hayaambukizwi kwa kijiko, kikombe wala busu.

Maradhi haya yalielezwa na daktari Mwingereza, Erasmus Wilson, mwaka wa 1869. Askari wa mwili, yaani chembe nyeupe za damu, hugeuka na kushambulia utando wa kinywa waliopaswa kuulinda. Huwapata zaidi wanawake wa makamo. Wengine hutokwa pia na vipele bapa viwashavyo mikononi.

Usiyachanganye na ukungu mweupe wa kinywa unaowapata watoto wachanga na watu ambao kinga yao imepungua. Ukungu huo kwa kawaida hufutika. Mistari hii haifutiki. Hata hivyo, usijipime kwa kioo pekee. Daktari wa meno aweza kukata kipande kidogo cha utando kichunguzwe maabarani.

Mistari peke yake mara nyingi haiumi. Taabu huanza utando unapochubuka, hata pilipili, ndimu na chai ya moto zikawa adhabu. Hapo daktari hutoa dawa ya steroidi ya kupaka au kusukutua. Dawa hii hutuliza maumivu, lakini maradhi yaweza kurudi. Tumia mswaki laini, na ikiwa unatumia dawa za shinikizo la damu, mwambie daktari, kwani baadhi yake huleta hali kama hii. Usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe.

Jambo kubwa ni hili: miaka ikipita, takriban mtu 1 kati ya 100 wenye maradhi haya hupata saratani ya kinywa. Kwa hiyo rudi ukaangaliwe angalau mara moja kwa mwaka, hata kama huumwi. Achana na sigara, ugoro na pombe. Na ukiona kidonda kisichopona kwa majuma matatu, au uvimbe mgumu, usingoje siku ya miadi. Nenda mara moja.