Andika Baada ya Kuzima Projekta

Chini kabisa ya andalio la somo kuna nafasi ya tathmini na maoni ya mwalimu. Pitia maandalio ya muhula mzima katika shule ya msingi, iwe Nyamagana, Magu au Ukerewe mkoani Mwanza, na mara nyingi utakuta sentensi ileile ikijirudia: "Somo limefundishwa na wanafunzi wengi wameelewa." Jumatatu ipo, Alhamisi ipo, na wakati mwingine imejazwa hata kabla kipindi hakijaanza. Mwalimu hana nia ya kudanganya. Ana darasa lenye watoto wengi kupita kiasi, ana rundo la madaftari ya kusahihisha, na anajua andalio litasomwa na mwalimu mkuu na siku moja na mthibiti ubora wa shule. Nafasi iliyowekwa ili ajifunze ameigeuza ya kujilinda.

Hasara ya mazoea hayo inakua kadiri vifaa vya teknolojia vinavyoongezeka darasani. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, Serikali iliwagawia walimu vishikwambi vilivyotumika kuhesabu watu. Mitaala iliyoboreshwa, iliyoanza kutumika Januari 2024, inatilia mkazo matumizi ya TEHAMA katika kufundisha. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu na moduli za mafunzo mtandaoni. Kwa hiyo kifaa kimeshamfikia mwalimu. Kinachokosekana ni kumbukumbu ya kweli ya yale yaliyotokea darasani kilipowashwa, na bila kumbukumbu hiyo mwalimu anaweza kutumia projekta miaka mitano akabaki na uzoefu wa mwaka mmoja.

Tuchukue kipindi cha Sayansi kuhusu upumuaji wa samaki, katika shule iliyo jirani na Kirumba. Mwalimu amepakua video kwa bando lake, ameazima projekta, na madirisha yamezibwa kwa khanga ili picha ionekane. Watoto wametulia tuli. Mtu akichungulia mlangoni atasema somo limefana. Jioni mwalimu makini anaandika hivi: "Walitulia tangu mwanzo hadi mwisho. Nilipouliza maji yanatokea wapi baada ya kuingia mdomoni, walionyoosha mikono ni watatu, wote wa mstari wa mbele. Mmoja wa nyuma alisema yanakwenda tumboni. Samaki wa kwenye video ni wa baharini, hawamjui. Kesho nije na kichwa cha sato."

Hiyo ni mistari michache tu, lakini ina kila kitu. Haisemi projekta ilifanya kazi vizuri. Inasema watoto walifanya nini. Inatenganisha utulivu na uelewa, vitu viwili ambavyo skrini huvichanganya kwa urahisi mno, kwa maana mtoto anayetazama picha zinazotembea hutulia hata kama hashiki lolote. Inahifadhi jibu lenye kosa kama lilivyotamkwa, na jibu la namna hiyo ni mali: linamwonyesha mwalimu mahali hasa ambapo fikra ya mtoto imekwama. Halafu inaamua jambo la kufanya.

Kesho yake sato kutoka soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, anawekwa mezani. Watoto wanainua kifuniko cha matamvua, wanayaona yalivyo mekundu, wanamimina maji mdomoni na kuyaona yakitokea ubavuni mwa kichwa. Baada ya hapo ndipo video irudi, kwa kuwa inaonyesha jambo ambalo samaki aliyekufa hawezi kulionyesha: jinsi mdomo na kifuniko vinavyopokezana kufunguka na kufungika ili maji yasikome kupita. Teknolojia haikukataliwa. Imepewa zamu yake, na aliyeipangia zamu ni yale maandishi ya jioni.

Mwaka 1983 mwanazuoni wa Marekani, Donald Schön, alichapisha kitabu kuhusu namna wanataaluma wanavyofikiri kazini. Alitofautisha tafakuri inayofanyika katikati ya tendo, kama mwalimu anapobadili swali ghafla akiona nyuso zimeduwaa, na ile inayofanyika tendo likishapita. Ya kwanza hupotea haraka. Kengele ikilia, kipindi kingine kinaanza, na hadi jioni mwalimu anakumbuka tu kwamba umeme ulikatika. Kuandika ndiko kunakoiokoa ile ya kwanza isizame.

Kanda ya Ziwa ina historia yake katika suala la walimu kujifunza wakiwa kazini. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliharakisha elimu ya msingi kwa wote, na makumi ya maelfu ya walimu wakaandaliwa wakiwa tayari kazini, kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na wakufunzi waliowatembelea. Waliobuni mpango ule walielewa kwamba chombo peke yake hakitoshi. Mwalimu anahitaji mtu wa kuzungumza naye kuhusu darasa lake. Leo nafasi hiyo ipo katika MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambamo walimu wa shule moja hukutana kama jumuiya ya kujifunza. Hatari yake ni kikao kuwa cha kusaini mahudhurio na kupitia moduli kwa kukimbia.

Nashauri daftari la tafakuri liwe la mwalimu mwenyewe, lisikaguliwe na mtu. Anayeandika akimwogopa mkaguzi hataandika kwamba wanafunzi watatu tu ndio waliojibu. Achague kipindi kimoja kwa wiki, kile alichotumia kifaa, aandike siku ileile. Akitaka kuwashirikisha wenzake kwenye kundi la WhatsApp, asiweke majina wala picha za watoto; Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu nao.

Kwenu walimu wakuu: kikao kijacho cha jumuiya kisianze na moduli. Mwombeni mwalimu mmoja aliye tayari asome alichoandika kuhusu kipindi kimoja, kisha mwacheni Mwalimu wa Taaluma awe wa mwisho kuzungumza.